Maji Juu ya Kitambaa cha Kijani

Aliyenisimulia haya ni Tryphena, mwaka wa themanini na nne, tukiwa kwenye foleni ya mahindi ya manjano pale Voi. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa haisogei. Akageuza debe lake, akalikalia, akasema, "Wewe unamjua Peris, binti wa ndugu yangu Hudson. Lakini hujui alivyoolewa." Tulipofika mbele ilikuwa saa kumi, na alikuwa amemaliza. Nimeandika kama alivyosema. Pale ambapo yeye hakuwepo, Peris mwenyewe alikuwa amemwambia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, au na nne, Tryphena hakuwa na hakika. Alikuwa mjane, akikaa karibu na stesheni, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu wa reli. Peris alikuwa ameteremka kutoka Sagalla kukaa naye. Alikuwa amemaliza darasa la nane, anangoja barua ya chuo cha ualimu, na barua haiji. Basi akashika pasi ya makaa kama shangazi yake. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alibeba taulo na mapazia meupe, akayapeleka klabu ya watu wa reli. Huko ndiko alikomkuta Mbuvi.

Mbuvi alikuwa kijana wa Kikamba. Wazazi wake walikuwa wamehamia Voi yeye akiwa mdogo, na walipofariki alilelewa na mjomba wake Kituku, aliyekuwa mtia makaa wa gari la moshi. Kazi ya Mbuvi iliitwa maka. Klabu ile ilikuwa na meza moja kubwa ya snuka, mchezo wa kusukuma mipira kwa fimbo mpaka izame mifukoni, nayo meza imetandikwa kitambaa cha kijani, na yeye ndiye aliyeitunza. Aliipiga brashi, akaipiga pasi, akapanga mipira, na jioni akasimama kando ya ukuta kuandika alama za wachezaji. Wakiwepo wao, yeye hachezi. Lakini Bwana Menezis, Mgoa aliyekuwa katibu wa klabu, alimwambia siku moja, "Kabla ya saa nne asubuhi meza hii haina mwenyewe. Usinichanie kitambaa tu."

Basi kabla ya saa nne Mbuvi alijifundisha, na mwalimu wake alikuwa gazeti. Bwana Menezis aliletewa magazeti ya Uingereza, yakija kwa meli, yakifika yameshazeeka mwezi mzima. Akishayasoma aliyaacha kwenye kiti. Humo mlikuwa na habari za mabingwa wa snuka wa huko, wanaocheza mechi moja wiki nzima na zaidi. Kiswahili Mbuvi alisoma vizuri. Kiingereza alibahatisha. Siku moja alimwona msichana wa taulo akisoma kichwa cha habari huku midomo ikicheza.

"Dada, samahani. Hapa chini ya picha ya huyu mwenye miwani wamesema nini?"

Peris aliweka taulo chini. "Wamesema aligonga ukingo mara mbili, ndipo akaugusa mpira wa manjano."

"Mara mbili?"

"Ndivyo walivyoandika."

Mbuvi akaitazama meza yake kama mtu anayetafuta mahali pa kuvukia mto. "Hebu soma tena, polepole. Nataka kuupanga."

Akapanga mipira kama gazeti lilivyosema, akapiga. Haikuwa. Akapanga tena. Peris akasoma tena. Mara ya sita mpira mweupe ulitoka ukingo mmoja, ukaenda wa pili, ukarudi taratibu, ukaugusa wa manjano kama mtu anayebisha hodi. Mbuvi akamtazama Peris, naye Peris akaokota taulo ambazo hazikuwa zimeanguka.

Tangu siku hiyo kazi ya kupeleka taulo ikawa haiishi upesi. Madirisha ya klabu yalikuwa wazi siku zote, na Peris alisimama upande wa dirishani makusudi, anayepita njiani amwone. Alisoma, Mbuvi akapanga na kupiga. Wakachagua kila mtu bingwa wake. Mbuvi alikuwa wa yule mwenye miwani, wakamwita Miwani. Peris akamchukua mpinzani wake, jamaa mrefu mwenye huzuni usoni, wakamwita Mrefu.

"Kwa nini umchague huyo na anashindwa kila wiki?" Mbuvi aliuliza.

"Akishindwa anapeana mkono vizuri. Gazeti limesema."

"Mimi nikishindwa nitakupa mkono vizuri pia."

"Wewe cheza kwanza. Mkono utakuja."

Ikafika siku akampa fimbo. Akamwonyesha kuweka mkono wa kushoto mezani, vidole vimetanuka, kidole gumba kimeinuka kidogo, fimbo ipite hapo. Hakumgusa. Aliweka mkono wake mwenyewe kando ya mkono wa Peris, nafasi ya kiganja kimoja kati yao, na Peris akaufuatisha.

"Usipige kama unaua nyoka. Sukuma."

Peris akasukuma. Fimbo ikateleza, mpira ukasogea upana wa sahani.

"Umeogopa."

"Nimeuonea huruma."

Mbuvi akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akamfundisha kwamba unapiga mwekundu kwanza, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, na kwamba wa rangi ukizama unatolewa mfukoni na kurudishwa mahali pake, lakini mwekundu ukizama umekwenda.

"Si haki," Peris alisema. "Ya rangi inarudishwa, myekundu inaachwa huko chini."

"Myekundu ni mingi, kama watu wa kijiji. Nani atahesabu?"

"Mama zao."

Hapo Mbuvi ndipo alipojua, alikuja kumwambia Tryphena baadaye, kwamba hatapata mwingine.

Na snuka yenyewe, lile jambo lililoupa mchezo jina, alimweleza Ijumaa moja ya mvua. Ni pale mpira unaoutaka uko mbele yako, lakini mwingine umekaa katikati, huwezi kuufikia moja kwa moja.

"Kama baba yangu," Peris alisema, macho yako mezani.

"Basi unafanya kama Miwani. Unapiga ukingo kwanza, unazunguka."

"Baba yangu hazungukwi."

Hudson alikuwa fundi cherehani kule Sagalla na mzee wa kanisa. Alishona sare za shule na kanzu za kwaya, na mkono wake ulijulikana mpaka Mbololo. Mjomba Kituku alikuwa amepanda mlima na mbuzi wawili kupeleka neno la Mbuvi la kumposa Peris. Hudson alimpa uji, akawafunga mbuzi kwenye kivuli, akasema, "Mbuzi wakae, si wangu bado. Mpwa wako si wa kwetu, hilo nitalizoea. Lakini nasikia kazi yake ni kutazama watu wazima wakigonga mipira, kwenye nyumba yenye pombe. Hiyo ni kazi gani? Nitashuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi niione kwa macho yangu. Nikiona kazi, tutaongea. Nikiona upuuzi, utakuja kuchukua mbuzi wako, na Peris atarudi nyumbani."

Jumamosi hiyo hiyo, kumbe, ndiyo siku ambayo timu ya snuka ya Mombasa ilikuwa inakuja kucheza Voi saa tisa mchana. Mbuvi alisema ni bahati, mzee ataikuta meza imependeza kuliko siku zote.

Ijumaa Peris alifika na taulo mara mbili ya kawaida kwa sababu ya wageni, na jioni hiyo meza isingechezewa, ikiwangoja wao. Mbuvi alikuwa amekwisha piga brashi na makaa yameshaanza kuwaka, ndipo Bwana Menezis akamwita waende stesheni kupokea kasha la mipira mipya. Gari la moshi lilikuwa limechelewa.

"Nikirudi nitapiga pasi," Mbuvi alisema. "Nisubiri kama unaweza."

Peris akasubiri. Makaa yakaiva. Akaona pasi inakaribia kupoteza moto bure, na yeye kupiga pasi ndiyo kazi yake. Akaichukua. Akafanya kama alivyofundishwa nyumbani, kama wanawake wote wa kwetu tunavyofanya: akachota maji kwenye bakuli, akanyunyiza kwa vidole, akapitisha pasi. Mvuke ukapanda, na harufu kama ya kondoo aliyenyeshewa. Kitambaa kikalala chini kimenyooka, kijani kibichi kama shamba la mpunga. Akamaliza meza nzima, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akikunja taulo na kumngoja mtu wake afurahi.

Mbuvi aliingia na kasha begani.

"Nimekusaidia," Peris alisema.

Mbuvi akaweka kasha chini polepole. Akapitisha kiganja juu ya meza. Kitambaa kilikuwa kimeanza kukauka, na kila mahali palipoangukia maji palikuwa pamejivuta na kukunjamana, kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Peris. Ulitia maji?"

"Kidogo tu. Nguo haikubali pasi bila maji."

Mbuvi akachukua mpira, akausukuma kwa kidole. Ulikwenda hatua moja, ukayumba, ukasimama.

"Hii haitiwi maji," alisema. "Ni pasi kavu, ya vuguvugu. Kosa ni langu, sikukuambia."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua."

"Tutafanyaje?"

Mbuvi akaketi kwenye kasha. "Nitasema ni mimi."

"Kwa nini useme uongo?"

"Nikisema ni wewe, baba yako atauliza ulikuwa unafanya nini humu. Atakupandisha Sagalla kesho hiyo hiyo."

"Na ukisema ni wewe, Bwana Menezis atakufukuza, na baba atakuta mtu hana kazi."

"Kazi nitapata nyingine."

"Lakini baba hashuki mlima mara mbili," Peris alisema.

Walikaa hivyo, yeye kwenye kiti, Mbuvi kwenye kasha, meza kubwa iliyokunjamana katikati yao. Nje treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa. Mbuvi akasema tena, taratibu, "Nitasema ni mimi," na Peris akaondoka bila kukubali wala kukataa.

Nyumbani alimweleza Tryphena yote, na maji, na mwezi mzima wa magazeti. Tryphena alikuwa anachambua pojo. Aliendelea kuchambua.

"Hayo maji nimekufundisha mimi," alisema.

"Shangazi, usimwambie baba."

"Mimi sisemi kitu. Mwenye mdomo ni wewe."

Hudson alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote, vumbi jekundu mpaka magotini, mfukoni ana futi yake ya kupimia nguo kwa sababu alitaka kupitia dukani kununua uzi. Akanywa chai. Kisha akasema, "Haya. Twendeni kwenye hiyo kazi." Wakaenda watatu, yeye mbele, Tryphena na mapazia, Peris nyuma amebeba taulo za wageni zilizobaki, kifuani kama mtoto.

Walipofika mlangoni Bwana Menezis alikuwa tayari ndani, mikono kiunoni, anaitazama meza. Mbuvi amesimama mbele yake. Hudson akavua kofia, akabaki mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha.

"Saa tisa wageni wangu watafika," Bwana Menezis alikuwa anasema. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, bwana. Nilitia maji."

"Wewe?"

"Nilisahau."

"Mbuvi, miaka mitatu umeipiga pasi meza hii. Hata usingizini huwezi kuitia maji."

"Nilisahau, bwana."

Bwana Menezis hakuwa mtu wa makelele. Akanyoosha mkono. "Basi nipe ufunguo."

Mbuvi akaingiza mkono mfukoni. Tryphena alisema alimwona Hudson akikunja midomo, kama mtu anayefunga hesabu, na alijua ndugu yake ameshaona alichokuja kuona.

"Si yeye," Peris alisema.

Alipita kando ya baba yake, akaingia, akaweka taulo kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ni mimi, Bwana Menezis. Yeye alikuwa stesheni na wewe. Nilipiga pasi kama tunavyopiga nguo. Nilinyunyiza maji."

Hudson ndiye aliyesema.

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilileta taulo, baba."

"Taulo huletwa, mtu akaondoka."

"Nilikuwa namsomea gazeti. Kila Jumanne na Ijumaa, tangu mwezi uliopita. Na nilikuwa najifunza kucheza."

"Kucheza."

"Ndiyo, baba. Bado sijui. Nikipiga mara kumi naingiza mara mbili."

"Tatu," Mbuvi alisema, kisha akatamani asingesema.

Hudson akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza wao kutazamana. "Na wewe ulikuwa tayari kusema uongo mbele yangu, siku ya kwanza ninakuona."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa ajili ya nini?"

"Asirudishwe nyumbani."

"Na kazi yako ipotee."

"Ndiyo."

Hudson akaikaribia meza. Tryphena alidhani anamfuata binti yake amshike mkono waondoke. Lakini njiani kidole chake kiligusa kitambaa, na kidole cha fundi kina mambo yake. Akasimama. Akakifinya kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, akainama akakinusa.

"Hii ni sufu," alisema.

"Sufu tupu," Bwana Menezis alisema. "Kutoka Uingereza."

"Imepigiliwa wapi?"

"Huku chini ya ukingo, mzee," Mbuvi alisema. "Misumari midogo midogo, pande zote."

"Una koleo?"

"Ninayo."

"Niletee. Na pasi, na shuka kavu mbili. Na wewe Tryphena usikae hapo kama picha, washa makaa."

Hudson alivua koti akalitundika kwenye ubao wa ukutani wa kuandikia alama. Walianza upande mmoja. Mbuvi alilegeza kingo za meza na kung'oa misumari, Hudson akatandika shuka kavu juu ya palipokunjamana, akapitisha pasi ya vuguvugu, akainua shuka, akavuta.

"Shika hapo. Vuta. Usivute kama unavuta ndama. Vuta kama unamwamsha mgonjwa."

"Hivi?"

"Hivyo. Shikilia mpaka nigongomee."

Walifanya kazi saa mbili na zaidi. Peris alipokezana na shangazi yake kupepea makaa na kuleta shuka. Hakuna aliyemwambia aondoke. Mbuvi aliijaribu pasi kwenye kipande cha gazeti kila mara, na gazeti likibadilika rangi aliiweka chini ipoe. Hudson aliliona hilo. Alitazama pia mikono yake, kwamba haikimbii. Walipomaliza, Mbuvi akachukua brashi akaanza kupiga kutoka kichwa cha meza hadi mwisho. Akifika mwisho alinyanyua brashi, akarudi kwa miguu, akaanza upya.

"Kwa nini hurudi na brashi?" Hudson aliuliza.

"Kitambaa hiki kina malaika kama ya mkono wa mtu, mzee. Yamelala upande mmoja. Ukirudi nayo nyuma yanasimama, na mpira unapotea njia."

"Kama mahameli."

"Mahameli siijui."

"Nilishona pazia la kanisa la mahameli. Nikalikata kipande kimoja kichwa chini. Mpaka leo kila Jumapili nakiona mimi peke yangu." Hudson akatazama brashi ikipita. "Kwa hiyo kila siku unafanya hivi."

"Kila siku."

"Na wakija kucheza hawajui."

"Wakijua, ujue nimekosea."

Hudson akaitikia kwa kichwa. Bwana Menezis alitoa mpira mmoja kwenye kasha jipya, akausukuma. Ukaenda umenyooka mpaka mwisho, ukagonga, ukarudi. Akasukuma mwingine, na mwingine. Mmoja ulipofika karibu na mfuko wa kushoto ulipunguza mwendo kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Hapo pamebaki," Hudson alisema. "Sufu haisahau yote."

"Timu zote mbili zitapita hapo hapo," Bwana Menezis alisema. Akamrudishia Mbuvi ufunguo. Kisha akamtazama Peris. "Binti, kuanzia leo taulo ziachwe mlangoni."

"Hapana," Hudson alisema, naye akamtazama katibu kwa heshima. "Bwana, akiziacha mlangoni watu watauliza kwa nini. Ataingia kama alivyoingia. Ila ataingia na shangazi yake."

"Mimi nina kazi zangu, kaka," Tryphena alisema.

"Kumfundisha kutia maji kwenye kila kitu ulikuwa na nafasi."

Bwana Menezis akageuka kutazama dirishani, mabega yake yanacheka.

Hudson alivaa koti. Alifunga kifungo cha kwanza, akaacha. "Hiyo fimbo inashikwaje?"

Mbuvi akamwonyesha. Mkono wa kushoto mezani, vidole vimetanuka. Hudson akainama na futi yake imening'inia mfukoni, jicho moja limefumbwa kama anapitisha uzi kwenye sindano. Akasukuma. Mpira mweupe uligusa mwekundu ubavuni, ukaendelea na safari zake, ukazama kwenye mfuko wa pembeni.

"Nimeshinda?"

"Hapana, baba," Mbuvi alisema. "Mweupe ukizama, mwenzako anapata alama nne."

Neno baba lilikuwa limemtoka. Hakuweza kulirudisha. Hudson alisimama taratibu na fimbo mkononi.

"Mwenzangu ni nani?"

Mbuvi akatazama chini. "Peris."

Hudson aliiegemeza fimbo ukutani, akahakikisha imesimama. "Mwambie mjomba wako aje Jumatano. Waambie wazee wenu pia. Wale mbuzi nitawahamishia zizini. Na wewe uje, kwa miguu, kwa sababu kuna jambo nataka kukuambia juu ya uongo, na sitalisemea kwenye nyumba ya watu."

"Nitakuja, baba."

"Hilo la baba pia tutaliongea huko."

Peris alikuwa anakunja shuka. Aliikunja ile shuka moja mara nne, akaifungua, akaikunja tena.

Timu ya Voi ilishindwa mchana ule. Mbuvi aliandika alama zote bila kukosea hata moja. Jua lilipokuwa linashuka alifika nyumbani kwa Tryphena, akasimama nje ya kizingiti, kwa sababu Hudson alikuwa amekaa barazani ananyoosha miguu. Alikuwa amechelewa kupanda mlima, alikuwa analala hapo.

"Nimeleta gazeti," Mbuvi alisema. "Limekuja na wageni. Ndilo la mwisho wa mechi."

Peris akalipokea kwa mikono miwili. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa Miwani ameinama juu ya meza, na Mrefu amekaa nyuma yake kwenye kiti, anangoja zamu. Alikuwa anafungua ndani, akasita. Akalikunja.

"Husomi?" Mbuvi aliuliza.

"Tutasoma Jumatano, huko Sagalla. Au siku nyingine, tukiwa na meza yetu wenyewe ya kulia chakula."

"Sasa tutakaaje bila kujua aliyeshinda?"

"Aliyeshinda alishinda mwezi uliopita. Anaweza kungoja."

Mbuvi akamtazama, na yeye akamtazama, mbele ya baba yake, na safari hii hakuokota kitu. Hudson akakohoa. Mbuvi akaaga, akampa mzee mkono, akampa Tryphena mkono. Kwa Peris alisita. Peris akanyoosha wake.

"Umenipa mkono vizuri," alimwambia.

"Tumeshindwa leo," Mbuvi alisema. "Nilikuahidi."

Akaenda zake. Kituku alisema hata ugali hakula, alijilaza na viatu akapitiwa.

Kwa Tryphena walikula, wakaomba. Hudson alilala chumba cha mbele, na kwa sababu ya ule mlima na ile kazi, alianza kukoroma kabla hajajifunika. Peris alilala na shangazi yake, gazeti chini ya mto. Alisema atakaa macho afikirie. Aliyasema hayo mara moja tu, kisha pumzi zake zikawa ndefu.

Tryphena akabaki peke yake. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa gazeti, akalifungua kwenye mwanga wa koroboi. Kiingereza hakukijua hata neno. Alitazama picha tu, yule Mrefu kwenye kiti chake na mikono juu ya magoti, na kitambaa cha meza kimenyooka, hakina hata kunyanzi moja. Akajiuliza kule kwao anayekipiga pasi ni nani. Akalirudisha gazeti lilipokuwa, akapuliza taa, akalala.